Tuta Mgongoni mwa Papa

Wimbi la pili ndilo lililoipindua boti. Mtafiti alipoibuka, akikohoa maji ya chumvi, alimwona shemeji yake, mdogo wa mumewe na nahodha wa boti hiyo, amening'inia kwenye boti iliyogeuka tumbo juu. Propela ilikuwa imempasua kigimbi hadi mfupa ukaonekana.

Akapanda, akavua mtandio, akaufunga mguu kwa nguvu zake zote. Damu iliendelea kuchuruzika baharini.

"Maji, shemeji," nahodha alisema. "Koo limekauka."

Dumu lao lilikuwa linaelea karibu tu, kama mapana ya chumba. Alishaanza kuteleza alifuate, ndipo akayaona mapezi.

"Papa gani hao?"

"Sijui bado."

Kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kutofautisha papa wanaofanana kama mapacha. Maji haya yalikuwa na aina mbili za ukoo mmoja, wote wanene, wote wa kijivu. Mmoja ana tuta jembamba la ngozi kati ya mapezi mawili ya mgongoni. Hula samaki wadogo, na ni nadra kumgusa mtu. Mwingine hana tuta. Huyo hung'ata chochote. Maabarani, kupitisha kidole mgongoni kulimaliza ubishi. Hapa maji yalimetameta kama bati jipya, yakamuumiza macho.

Mmoja akapita karibu. Tuta! Aliliona waziwazi.

"Ni wale wapole," alisema. Akatumbukiza miguu.

Mwingine akapita chini ya nyayo zake. Mgongo mtupu. Au ni kivuli? Akaja wa tatu, ambaye mgongo wake hakuuona vizuri. Akaivuta miguu juu, akajikunyata.

"Shemeji, dumu linaondoka."

"Naliona."

"Si umesema wapole?"

"Wamechanganyika. Siwezi kuwatenganisha."

Nahodha hakumlaumu. Alilitazama dumu mpaka likawa nukta, kisha shingo ikamlegea. Mtafiti akamshika mkanda wa suruali asiteleze, akawa anamwita tu. Hakuwa na lingine la kufanya.

Jua lilikuwa limeinama meli ya uvuvi ilipowaokota. Sitahani kulikuwa na papa wa kijivu aliyenaswa wavuni. Mabaharia waliposikia kazi ya mgeni wao, mmoja akamwita:

"Dada, hebu tuambie huyu ni yupi. Tumebishana tangu asubuhi."

Angenyoosha mkono tu, angemgusa papa huyo. Hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anamdondoshea shemeji yake maji mdomoni kwa kijiko, akingoja ameze.

Akameza.