Kamba ya Mjomba Eleuterio

Haya yalimkuta jirani yangu Zoraida, hapahapa mjini kwetu Lambayeque. Asiyeamini akavitazame viganja vya mjomba wake.

Wanaume wa kwetu huchimba makaburi ya kale kwa siri, wakitafuta vyungu vya kuuza, na desturi yao ni hii: chungu hupandishwa kwanza, mtu baadaye. Aliye shimoni akitaka kuvutwa hupiga mluzi, mara mbili mfupi, kisha mmoja mrefu. Baba yake Zoraida alikipandisha chungu, udongo ukamfunika. Mjomba Eleuterio, aliyeshika kamba, alirudi na chungu akaapa kwamba hakusikia mluzi wowote.

Juzi Zoraida alipata habari kwamba chungu kile kimewekwa makumbusho, akamkokota mjomba wakakione.

"Kitazame, Mjomba. Kimewekwa kwenye kioo kama mtakatifu, na baba hana hata msalaba."

"Punguza mdomo, binti. Chungu ni chungu tu."

Umeme ukakatika. Ukumbi ule hauna dirisha hata moja, ukawa giza totoro. Ndipo mluzi ukatoka ndani ya kabati la kioo: mfupi, mfupi, mrefu.

"Nani huyo anapiga mluzi?" mlinzi akafoka.

Mluzi ukajirudia, safari hii kwa pumzi ya mtu inayokatika. Kando yake, Zoraida akamsikia mjomba akihema: "Navuta, shemeji! Navuta!"

Taa ziliporudi, Eleuterio alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, mikono mitupu. Viganja vyake vilikuwa vimechunika vinavuja damu, na kwenye damu zimenasa nyuzi za kamba.