Kichwa cha Makala ya Meli Mwangaza

Kila Ijumaa, baada ya kufagia madarasa, wanafunzi wachache wa darasa la sita na la saba walibaki shuleni kwao, kijijini Kilema. Walikuwa wanachama wa klabu ya uandishi. Mwalimu Elifuraha aliwafundisha kuandika makala za ensaiklopedia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma bila malipo. Walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu kahawa, mbega wa msituni na soko la Himo.

Ijumaa moja walikuwa wakimalizia makala ngumu kuliko zote. Ilihusu Mwangaza, meli ya mizigo iliyoshambuliwa baharini miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wamesoma magazeti na taarifa ya wachunguzi, wakaandika aya tano. Kilichobaki kilikuwa kichwa tu.

"Kichwa si kazi," alisema Calvin. "Tuandike 'Njama ya Mabaharia wa Meli Mwangaza'. Mtu akiona hivyo, lazima asome!"

Wenzake wakamtazama Stella. Baba yake, Martin, alikuwa mpishi katika meli hiyo. Baada ya shambulio, mabaharia wote walihojiwa kwa muda mrefu, kisha wakaachiwa. Gazeti moja liliandika kwamba huenda mmoja wao aliwafungulia washambuliaji njia. Martin alirudi Kilema na hakwenda tena baharini. Tangu hapo, watu wengine walipunguza sauti kila alipoingia dukani.

"Njama gani?" Stella aliuliza. "Nani amethibitisha?"

"Gazeti limesema."

"Gazeti limesema 'huenda'! Kichwa kiwe 'Unyama wa Maharamia dhidi ya Meli Mwangaza'."

"Eeh, wakili wa baba yake huyo!" Calvin alicheka. "Tukipigia kura kichwa hiki, wewe hupaswi hata kunyoosha mkono."

"Basi, inatosha," alisema Mwalimu Elifuraha. "Jumatatu kila mmoja aje na kichwa chake na sababu zake. Mfikiri vizuri. Kichwa ndicho watu husoma kwanza, na wengi huishia hapo hapo."

Maneno hayo yalimfuata Stella hadi nyumbani. Kichwa cha Calvin kikishinda, kila atakayeitafuta meli ile atamhesabu baba yake kuwa msaliti kabla hata ya kusoma mstari mmoja.

Kesho yake ilikuwa zamu ya familia yao kupata maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi unaoteremsha maji ya mto hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Stella na baba yake walifika wakiwa na majembe na panga, wakaukuta mkavu. Palikuwa na tope na majani tu. Kihamba kilichokuwa juu yao kilikuwa cha Jacob, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha alfajiri.

"Wameiba maji!" Stella alipaza sauti. "Baba, akina Jacob wameiba maji!"

Martin alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, binti! Unataka wazee wa mfongo wanitoze faini ya debe la pombe ya mbege? Kwenye mfongo hakuna anayetamka wizi kabla ya kupanda juu kuangalia. Tunasema maji yamekatika."

"Na kama wameiba kweli?"

"Tukiwakuta, tutasema. Lakini sasa hivi tunajua nini?"

Stella alilitazama tope. "Kwamba hakuna maji."

"Basi hilo ndilo la kutangaza."

Martin akaita kwa nguvu, "Maji yamekatika! Maji yamekatika!" Migomba ikatikisika, akatokea Jacob mwenyewe na jembe begani.

"Hata kwangu yalikatika kabla zamu yangu haijaisha, Baba Stella. Nimekaa nasubiri mtu wa kupanda naye."

Walipanda wote watatu wakifuata mfongo. Mbele kidogo walikuta mgomba mkubwa umeangukia mfereji pamoja na mkungu wake, na maji yote yanamwagika korongoni. Waliukata wakauondoa, na maji yakaanza kuteremka tena. Jacob alitangulia kuyafuata. Stella aliona haya. Alikuwa amemwita mwizi mtu aliyekuwa na shida ileile.

Ndipo akauliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuliuliza. "Baba, ni nani walioishambulia Mwangaza?"

Martin alisuuza panga lake. "Sijui."

"Hujui? Si ulikuwemo?"

"Nilikuwa chini, jikoni, nachagua mchele. Nilisikia mlipuko, taa zikazimika, moshi ukaingia. Nikalala sakafuni. Sikuona uso wa mtu."

"Kwani hawakuwa maharamia?"

"Pengine. Lakini maharamia huteka meli ili wapate kitu. Hawa hawakuchukua hata sufuria. Wachunguzi wenyewe hawajui."

Stella akamweleza habari ya kichwa alichopendekeza. Baba yake akasema, "Unanitetea kwa jambo nisilolijua, mwanangu. Nikilikubali hilo, nitamlaumuje anayesema mimi ni msaliti? Yeye naye hajui."

Jumatatu Stella alisimama mbele ya wenzake. "Kwanza, baba yangu alikuwemo melini, kwa hiyo ni haki myapime maneno yangu. Pili, nafuta kichwa changu. Sijui kama walikuwa maharamia. Calvin, wewe unajua kama ilikuwa njama?"

Calvin alichukua taarifa ya wachunguzi, akaisoma tena akifuata mistari kwa kidole. "Hapana," akasema mwishowe. "Wameandika kwamba wahusika hawajajulikana."

"Sasa tunajua nini?"

"Kwamba meli ilishambuliwa." Akachukua chaki, akaandika ubaoni: *Shambulio dhidi ya Meli Mwangaza*.

"Mbona kimepooza hivyo?" Beatrice alilalamika. "Kama supu ya mtori isiyo na chumvi!"

Wote wakacheka, na mwalimu pia. "Acha kipooze," alisema. "Kichwa cha makala si hukumu. Yale ya 'huenda' yataingia ndani, pamoja na jina la gazeti lililoyasema. Siku wahusika wakijulikana, tutabadilisha. Kumpaka mtu matope bila kujua ni uongo, na kumsafisha bila kujua ni uongo vilevile. Mkweli huandika anachokijua, kisha huweka kalamu chini."

Jioni Calvin alimfuata Stella hadi nyumbani. Walimkuta Martin akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, Baba Stella."

"Marahaba, Calvin."

Calvin alikuna kichwa. "Nimesikia mengi juu yako, lakini sijawahi kukuuliza mwenyewe. Naruhusiwa?"

Martin alisogeza kigoda kimoja kwa mguu. "Kaa," alisema. "Miaka mitatu nimengoja mtu wa kuniuliza."