Mabega ya Kombora

Ulimwona msichana huyu. Usijitie hamnazo. Ulikuwa jukwaani siku ya riadha, ukamwambia mwenzako, "Huyu ana nguvu kama dume," mkacheka. Hukuuliza nguvu hizo zimetoka wapi. Hata yule mrusha tufe aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo miaka kumi na miwili iliyopita, kabla hajatimiza thelathini, ulisema amerogwa. Wapo ambao hawajakisahau kifo kile.

Mama wa msichana ni fundi cherehani. Daftari lake la vipimo huning'inia msumarini, juu ya pasi. Binti ana miaka kumi na saba. Anarusha mkuki, nao huenda mbali hata wenzake wakambandika jina la Kombora.

Tangu Kombora aingie kikundi cha kocha mpya, blauzi ya shule haikukaa mwezi bila kurudi kwa mama. Mara imebana mabegani, mara imechanika kwapani. Mama alifumua, akaongeza kipande, akashona. Wateja walimtania kwamba mwanawe anakula na chakula cha jirani, naye akacheka nao. Chunusi zilipojaa mgongoni, alisema ni ujana. Binti alipoanza kufoka ovyo, alisema ni mitihani.

Mchana mmoja mama alimpigia simu kumuuliza kama atakula nyumbani. Ikapokelewa na sauti nzito.

"We kijana," mama alisema, "simu ya mwanangu unafanya nayo nini? Mpe mwenyewe."

Kisha sauti ile ile ikasema polepole, "Mama, ni mimi."

Mkasi ulimdondoka. Alikuwa amezoea kumsikia sauti ikikwaruza, akadhani ni mafua. Simuni hakuna uso wa kukudanganya.

Alilishusha daftari. Mkono wa juu: inchi kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili na nusu. Miezi mitano tu, na mwandiko ni wake mwenyewe.

Kombora aliporudi, mama alimwambia afungue mkoba. Ikatoka chupa ya vidonge isiyo na karatasi ya maelezo.

"Vitamini, mama. Kocha anatugawia. Alisema tusiwaambie nyumbani."

Mama alimshika mkono hadi mlango wa pili, kwa jirani yao nesi, akamkuta anaanika nguo. Nesi aliigeuzageuza chupa, akamuuliza Kombora kuhusu hedhi. Binti akatazama chini. Alikuwa hajaiona kwa miezi minne.

"Siwezi kuapa mpaka ipimwe," nesi alisema. "Lakini dalili ni za steroidi. Ni dawa ya kiwandani inayofanya kazi kama homoni ya kiume. Daktari humpa mgonjwa maalumu, kwa kipimo. Ukiimeza kutafuta misuli, ini linaumia, presha inapanda, moyo unachoka. Na msichana huota ndevu, sauti ikawa nzito."

"Sauti itarudi?" Kombora aliuliza.

Nesi alimrudishia mama chupa. "Mengine mengi hurudi, mdogo wangu. Sauti mara nyingi hairudi."

Kombora alijiziba mdomo, asijisikie akilia.

"Nilifumua mishono, mwanangu," mama alisema. "Sikufumbua macho."

Kesho yake walikwenda hospitali. Daktari alimwachisha vidonge, akampima damu na presha, akampangia siku za kurudi. Chupa waliipeleka chama cha riadha. Nesi alikuwa amewaonya: mchezaji hujibu kwa kilichomo mwilini mwake, hata kama alipewa na mwingine. Kombora alieleza yote hata hivyo, akafungiwa kushindana kwa muda.

Kocha alimwambia mama ashone nguo, riadha amwachie yeye. Mama hakubishana. Alivaa futi yake shingoni, akapita nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa kikundi kile. Zilipatikana chupa nne zaidi. Vipimo vilithibitisha ni steroidi, na kocha akafukuzwa.

Leo hedhi imerudi na ini ni zima. Mkuki unatua mita sita nyuma ya pale ulipokuwa ukitua, lakini hizo zilizobaki ni za Kombora mwenyewe. Sauti imebaki nzito. Mama akipiga simu huwahi kusema, "Haloo, mwanangu," kabla hajaisikia.

Sasa wewe. Mwanao naye ana kocha, ana mkoba, ana kitu anachoambiwa ni vitamini. Uliza ni nini. Kama hakina karatasi, au aliyekitoa si daktari, kipeleke kituo cha afya leo. Mpigie mwanao sasa hivi, ungali unaijua sauti yake.