Bibi Aliyezikwa Daftarini

Asubuhi za Temeke mwaka ule, 1953, zilianza na ukungu mwepesi na harufu ya moshi wa kuni. Kagemulo aliipenda saa hiyo kuliko saa nyingine zote. Mumewe, Kaijage, alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kazini, bohari ya reli. Binti yao, Kokuberwa, alikuwa akihangaika kutafuta kitana kilichochomekwa kichwani mwake mwenyewe. Na mama mkwe wake, Bibi Nyakato, alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, akizungumza na ziwa.

Ziwa lenyewe lilikuwa mbali, huko Bukoba walikotoka. Kulifikia ilikuwa safari ya siku kadhaa, kwa treni na kwa meli. Bibi hakujali umbali. Kila mwezi ulipoandama, asubuhi yake alitia maji katika bakuli la mti. Alidondosha punje chache za kahawa iliyochemshwa, akageukia magharibi. Alimwita Mugasha, mwenye ziwa na mvua. Kisha aliwaita wazee waliotangulia, mmoja mmoja kwa jina, akawapa habari za nyumbani: nani anakohoa, nani amejifungua, nani amekuwa mkaidi siku hizi. Mwisho alimpa kila mtu punje moja ya kahawa aitafune.

Hiyo ndiyo iliyokuwa dini ya nyumba ile. Pale mtaani hapakuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo. Majirani wa kulia walikwenda msikitini. Wa kushoto walikwenda kanisani. Wote walisalimiana vizuri na kuombana chumvi.

Kagemulo naye alikuwa mwanafunzi. Mara tatu kwa wiki, alasiri, alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao alikuwa Bi Atuganile, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya chini na subira isiyoisha. Kagemulo alikuwa ameshaweza kusoma maandishi ya kwenye makopo na vibao vya maduka. Alisoma kila kitu alichokiona. Alisoma hata sabuni.

Jumanne moja, baada ya chakula cha mchana, wingu zito lilitanda na nyumba ikawa na giza tamu la usingizi. Kagemulo aliona daftari la Kokuberwa juu ya meza. Akalifungua. Ndani mlikuwa na insha yenye alama ya wino mwekundu. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alikuwa hajawahi kusoma mwandiko wa mwanawe. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Si-ku-ku-u nyu-mba-ni kwe-tu," alisoma polepole.

Herufi zilimjia moja moja, kama watu wanaotokea kwenye ukungu. Nyumbani kwetu tunasherehekea Idi. Tunavaa nguo mpya. Tunakula pilau. Kagemulo alicheka kidogo. Lini walipika pilau ya Idi? Akaendelea.

"Bi-bi ya-ngu a-li-ku-fa."

Kidole kilisimama. Akarudia kusoma, akitumaini kwamba amekosea herufi. Hakukosea. Bibi yangu alikufa zamani, kwa hiyo hatuna mtu wa kutusimulia mambo ya kale.

"Kagemulo!" Bibi Nyakato aliita kutoka uani, kwa Kihaya. "Ondoa nguo yangu, mvua inakuja!"

Kagemulo alitoka mbio. Nguo yenyewe ilikuwa ile ya gome la mti, nguo ya heshima ya huko kwao. Bibi aliitundika ipate hewa kwa ajili ya Jumamosi, siku ya wazazi shuleni. Kwa wiki nzima alikuwa akizungumzia siku hiyo tu. Kagemulo aliikunja nguo, akaikumbatia kifuani. Sasa alielewa maneno ya wino mwekundu chini ya ile insha: Vizuri sana. Itasomwa Jumamosi mbele ya wazazi.

Kokuberwa aliporudi kutoka bombani, mama yake alimwonyesha daftari.

"Hii ni nini?"

Mtoto akatumbua macho. "Mama! Kumbe umejua kusoma?"

"Nimejua. Tena nimeanza vibaya. Kwa nini umemwua bibi yako?"

Kokuberwa alitua ndoo, akaanza kulia. Maneno yalitoka vipande vipande. Mwezi wa Januari, Mwalimu Anselmo aliwauliza watoto wote dini zao ili aandike katika rejista ya darasa. Zamu yake ilipofika, alisema kweli. Alisema bibi yake humwomba Mugasha kwa kahawa. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alitabasamu, akaandika: Hana dini. Tangu siku hiyo watoto walimwita Hana Dini. Walimwita hivyo mchezoni, bombani na njiani.

"Basi nikaazima Idi ya kina Zuena, rafiki yangu wa darasani," alisema. "Zuena alinisimulia yote, mpaka rangi ya kanga."

"Na bibi?"

"Ningemweka wapi, mama? Ningemwandika yu hai, wangeuliza asubuhi anafanya nini."

Kagemulo alilifunga daftari. Alimhurumia mtoto na alimkasirikia, vyote kwa pamoja. Alifikiri kumwambia mama mkwe kwamba Jumamosi jua litakuwa kali, abaki nyumbani. Ilikuwa njia rahisi. Lakini kila alipofikiri hivyo alimwona Bibi yumo ndani ya daftari, amelala chali kati ya mistari, akisubiri mtu amwinue. Kusema kweli, Kagemulo alitamani kulala yeye mwenyewe na kuamka Jumapili.

Kesho yake, kisomo kilipokwisha, alibaki nyuma. Alimweleza Bi Atuganile kila kitu, bila kuficha.

"Mwalimu wa shule ametaka insha ya nini?" aliuliza Bi Atuganile.

"Ya sikukuu ya nyumbani."

"Basi aandikiwe ya nyumbani. Insha ya namna hii haiulizi dini ipi ni bora. Inauliza mnaishi vipi. Mtoto aandike anachokiona kwa macho yake na anachokifanya kwa mikono yake. Neno wasilolijua wenzake alieleze. Asijisifu kwamba yenu inazipita za wengine, wala asiwacheke wenziwe."

"Mambo mengine ya Bibi hayasemwi nje."

"Hayo yasiandikwe. Muulizeni mwenyewe kwanza lipi linasemeka. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kudai siri za nyumba ya mtu."

"Na wakicheka tena?"

Bi Atuganile alifuta ubao polepole. "Wanaweza kucheka. Lakini kicheko cha watoto hutazama uso wa mwalimu. Mwalimu akicheka, kinakua. Akikaa imara, kinakufa. Ndiyo maana lazima umwone kabla ya Jumamosi, si baada yake."

"Mie nimwone mwalimu? Mie niliyejua 'a' mwaka huu?"

"Wewe ndiye mama. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, lakini maneno yatakuwa yako." Kisha sauti yake ikashuka zaidi. "Mie ni Mkristo, mwenzangu. Baba yangu aliwaomba wazee wake mpaka alipokufa. Nimeandika mambo mengi maishani, lakini yeye sijamwandika popote. Linaniuma mpaka leo."

Alhamisi asubuhi Kagemulo alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Anselmo. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto hamsini na sita na madawati ishirini.

"Habari za kazi, mwalimu. Insha ya Kokuberwa si ya kweli. Sie si Waislamu. Na bibi yake yu hai, anatafuna kahawa nyumbani."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kumbe mtoto ni mwongo!"

"Ni mwongo, ndiyo. Mie nimekuja kuuliza alijifunzia wapi. Januari alikwambia kweli, mwalimu."

Rejista ilikuwa wazi mezani. Kagemulo aliigeuza taratibu, akatafuta jina la mwanawe. Akaweka kidole.

"Ha-na di-ni," alisoma. "Nyumba ambayo mtu huwaombea watoto wake kila mwezi unapoandama, unaiandikaje hivi?"

Mwalimu Anselmo aliyasoma tena yale maneno. Uso wake ulibadilika, na Kagemulo aliona kwamba ameona haya.

"Sikujua niandike nini," alisema mwishowe.

"Ungeuliza tu."

"Kweli. Ningeuliza." Alichovya kalamu, akakata yale maneno mawili. "Niambie sasa, mama. Niandike vipi?"

Kagemulo alifikiri. "Andika: dini ya wazee wake."

Mwalimu akaandika. Kisha akasema, "Aniletee insha nyingine kesho. Lakini iwe nzuri kweli. Ikiwa mbovu haitasomwa kwa kumhurumia."

"Hata mie sitaki huruma," alisema Kagemulo. Alitoka nje. Pale mlangoni Bi Atuganile alimshika mkono, wakaondoka pamoja.

Jioni ile mvua ilinyesha taratibu. Kokuberwa alipiga magoti mbele ya bibi yake, kama wajukuu wa Kihaya wanavyofanya wanapomwamkia mkubwa. Akaungama. Alisema yote, pamoja na lile neno baya kabisa.

Bibi Nyakato alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nilikufa! Na mlinizika wapi? Msije mkanizika kwenye mchanga huu wa Temeke. Mtu anazama kama yuko kwenye unga!"

Lakini kicheko kilipoisha, alijifuta macho kwa kiganja. Ilikuwa imemwuma. Kokuberwa aliona, akalaza kichwa kwenye mapaja yake.

"Nisamehe, Bibi. Nataka nikuandike upya. Niambie nini niandike na nini nisiandike."

"Ninayoyasema na marehemu babu yako usiyaandike. Hayo ni yangu na yake. Hayo mengine andika."

Akaanza kusimulia. Alisimulia ziwa pana kiasi kwamba ng'ambo yake haionekani. Alisimulia mvua inavyokuja kutoka majini ikitembea, nyeupe, mpaka inafika migombani na kuingia mlangoni bila kubisha. Alisimulia mama yake mwenyewe, akitia kahawa majini, na harufu yake ikikaa vidoleni mwa watoto siku nzima. Sauti ya Bibi na sauti ya mvua zilichanganyika. Kokuberwa hakujua tena kama yuko Temeke au kwenye nchi ile ambayo hajawahi kuiona. Aliandika. Kagemulo alikaa kando na taa ya chemni, akiziangalia herufi zikizaliwa moja baada ya nyingine, na hakutaka jioni ile iishe.

Jumamosi wazazi walijaa. Bibi Nyakato aliketi mstari wa mbele na nguo yake ya gome la mti, mgongo wima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo mno. Alikuja kuangalia mdomo wa mjukuu wake ukitoa maneno ya kitabuni, basi.

Mwalimu Anselmo alisimama kwanza. "Katika darasa langu kuna jina baya lililoanzia kwangu," alisema. "Niliandika kitu nisichokijua. Nimekifuta. Kuanzia leo jina hilo nisilisikie." Hakutaja ni jina gani, lakini watoto walitazama chini. Halikusikika tena, wala siku hiyo wala baadaye.

Kokuberwa alianza kusoma. Sauti yake ilikuwa wazi.

"Sikukuu nyumbani kwetu ni asubuhi baada ya mwezi kuandama. Hatupiki pilau. Bibi yangu hutia maji katika bakuli, na kahawa ndani yake. Humwomba Mugasha. Sisi Wahaya wa nyumba yetu humwita hivyo mwenye ziwa na mvua."

Nyuma mtu alicheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama msomaji tu, kwa makini, na kile kicheko kikakosa mwenzake.

"Bibi huwataja wazee wetu wote, ili wasisahaulike. Kisha hutupa kila mmoja punje ya kutafuna. Ni chungu. Ukivumilia, inakuwa tamu kidogo. Rafiki yangu Zuena huenda msikitini na mwalimu wangu huenda kanisani. Mimi hukaa na bibi yangu uani. Mwanzoni niliandika kwamba amekufa. Niliogopa kuchekwa. Haikuwa kweli. Bibi yangu anaitwa Nyakato."

Maneno mengi yalikuwa yamempita Bibi, lakini jina lake alilisikia vizuri. Alidhani anaitwa. Akainuka taratibu mbele ya watu wote, akaitika kwa heshima ya kwao, kwa sauti kubwa.

"Waitu!"

Watu wote waligeuka kumtazama. Ndipo Zuena aliposimama peke yake kwenye dawati lake, akasema, "Shikamoo, Bibi." Darasa zima likainuka nyuma yake, madawati yakigongana.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba," alisema Bibi Nyakato. Neno hilo alikuwa analijua.

Kokuberwa aliweka daftari mezani, akamwendea bibi yake, akamshika mkono.

"Ndiye huyu," alisema.