Awiti na Cherehani Mbele ya Hakimu

Kila alfajiri, majirani wa mtaa wa Namuwongo waliamshwa na cherehani ya Awiti. Awiti alikuwa mjane kutoka Kenya. Watoto wake walikula na kusoma kwa cherehani hiyohiyo.

Siku moja mwaka 1974, Masinde mwenye baa akaja na mwanajeshi.

"Cherehani hii ni yangu," Masinde akasema. "Nilimwazima marehemu mumeo."

Uongo mtupu! Lakini bunduki iko mlangoni, nani abishe? Wakaibeba, Awiti analia.

Shemeji yake, Owuor, akaja juu. "Usilie, shemeji. Namjua sajini mmoja. Tumpe kitu kidogo, amtandike huyo Masinde!"

"Na sajini naye akiipenda cherehani?" akauliza Laker, jirani yao, mkalimani wa mahakama. "Utaita nani tena?"

Laker akamgeukia Awiti.

"Nenda mahakamani, Awiti."

"Mahakama gani, dada, siku hizi za bunduki?"

Laker akateremsha sauti. "Sikiliza. Anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayeamua kesi hawapaswi kuwa mtu mmoja. Hapa kwetu jeshi limeshika karibu yote. Lakini hakimu wetu bado anasikiliza pande zote mbili. Hukusikia redio? Kule Amerika mahakama imemwamuru rais alete kanda za sauti alizoficha, naye akazileta. Rais mzima!"

"Mimi nitasema nini?"

"Wewe ndiye unayedai, kwa hiyo wewe uthibitishe. Lete shahidi aliyeona kwa macho yake. Na una haki ya kumwuliza Masinde maswali. Ukishindwa, kuna rufaa kwa mahakama ya juu."

Awiti akaenda. Karani akaandika malalamiko yake, Masinde akaitwa, na cherehani ikaletwa mahakamani.

Siku ya kesi ikafika. Masinde aliingia akitabasamu, na yule mwanajeshi nyuma yake, magwanda yamepigwa pasi, buti zinalia ko, ko, ko.

Hakimu akamtazama. "Afande, uliona cherehani hii ikinunuliwa?"

"Hapana."

"Uliona ikiazimwa?"

"Hapana. Masinde ndiye aliyeniambia."

"Basi huna ushahidi. Keti, afande."

Mwanajeshi akaangalia huku, akaangalia kule. Akaketi!

Lo! Awiti akapata nguvu. Akasimama, Laker akitafsiri maneno yake.

"Masinde, mkanda unaozungusha gurudumu ni wa wapi?"

"Wa dukani, bila shaka. Niliununua mwenyewe."

"Ni mshipi wa marehemu mume wangu. Maduka yalikuwa matupu, tukaukata. Fundi aliyeushona huyu hapa."

Fundi akaapa, akaeleza jinsi alivyoushona. Hakimu akainama kuutazama mkanda. Matundu ya kufungia kiunoni bado yalikuwapo.

"Cherehani ni ya Awiti," akaamua. "Masinde, irudishe leo."

Masinde akaibeba mwenyewe, jasho linamtoka, akapita mbele ya baa yake. Wanawake wa Namuwongo walipiga vigelegele mpaka kwenye reli inayopita mtaani. Awiti alitembea mbele, kichwa juu, akicheka na kulia pamoja.

Baadaye mwanajeshi yule akatokea mlangoni kwa Awiti, suruali imepasuka nyuma.

"Mama, nishonee upesi. Mimi ni afande!"

Awiti hakuinua hata kichwa. Wateja wengine walikuwa wakingoja kwenye benchi.

"Keti, afande," akasema. "Wenzako wametangulia."

Akaketi.