Kurasa Tupu za Umeme

Kila siku baada ya masomo, wanachama wa klabu ya kompyuta walifagia chumba chao, wakawasha mashine na kukaa wawili wawili. Hodari wao alikuwa msichana wa darasa la saba waliyemwita Umeme, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Alikuwa ameandika sehemu kubwa ya programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba ya shule, na hakumwacha mtu asahau hilo.

Pembeni yake alikaa binti wa mama yake mdogo. Walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Huyu aliitwa Taratibu, nawe huna haja ya kuuliza kwa nini.

"Mkutubi amekataa kuipokea programu bila mwongozo," mwalimu wao alisema siku hiyo. "Tutaweka zana inayosoma msimbo wetu, yaani amri mlizoiandikia kompyuta. Itachukua maelezo mliyoandika juu ya kila sehemu, iyageuze kurasa za kusomeka. Taratibu, kazi hiyo ni yako."

Wivu ukamchoma Umeme. Kazi afanye yeye, sifa wapewe wengine!

Mara ya kwanza zana iligoma kuingia. Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini, na Umeme akacheka kimoyomoyo. Lakini Taratibu aliyasoma neno kwa neno, akagundua kuwa zana ilitaka programu nyingine ndogo itangulie. Akaiweka hiyo kwanza, akarudia, zana ikakubali. Kisha akaielekeza kwenye folda yenye msimbo wao.

"Macho kama hayo ndiyo ninayoyataka!" mwalimu akasema.

Habari zikafika nyumbani kabla yao. "Kumbe tuna mtaalamu humu ndani!" mama yake Umeme alishangilia, akimwongezea Taratibu chakula.

"Mbona mimi hujaniita mtaalamu hata siku moja?" Umeme aliuliza.

"Aa, wewe tumeshakuzoea, mwanangu."

Umeme akanawa mikono kabla ya kushiba.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Umeme aliingia peke yake kwenye chumba cha kompyuta. Alifungua faili la sehemu yake, ile ya kutafuta vitabu, akafuta maelezo yote aliyokuwa ameyaandika, akabakiza jina lake tu. Alijua programu yenyewe haitadhurika, kwa kuwa kompyuta huyaruka maelezo hayo. Ila zana ya Taratibu, aliwaza, ikikosa cha kusoma itagoma mbele ya watu. Akafunga mlango na kwenda zake.

Jioni mkutubi alikuja, akavaa miwani. Taratibu akaandika amri. Zana haikugoma hata kidogo. Ilinung'unika kwa mistari michache ya onyo, ikaendelea, na mwongozo ukatokea. Sehemu ya kuazima ilieleweka, ya kurudisha pia. Ikaja ya kutafuta vitabu: jina la Umeme juu, na chini yake weupe mtupu.

"Mwandishi yupo, maelezo hakuna," mkutubi alisema. "Au mwenyewe haielewi kazi yake?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Umeme alihisi masikio yakiwaka moto.

"Zana ya Taratibu ndiyo imeyala, mwalimu! Jana yalikuwepo!"

Macho yote yakamgeukia Taratibu. Akaiachia kibodi.

"Nisamehe, dada. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Mwalimu, kazi hii mpe dada."

Hicho ndicho Umeme alichokuwa akikitaka, na sasa kilikuwa kichungu kama shubiri. Alimtazama mdogo wake akifuta machozi kwa kiganja, akashindwa kuvumilia.

"Si yeye," alisema. "Nimeyafuta mimi. Nilitaka zana igome, aibike."

Mwalimu hakufoka. Alimvutia kiti tu. "Kaa uyaandike upya."

Umeme aliandika, kisha akakwama. Palikuwa na mstari mmoja ulioondoa nafasi tupu mwanzoni mwa jina la kitabu, naye hakukumbuka aliuweka kwa nini.

"Uliandika kwamba watoto wa darasa la kwanza hugusa kitufe cha nafasi kabla ya jina," Taratibu alimnong'oneza, "na bila mstari huo kitabu chao hakionekani."

"Ulisoma maelezo yangu?"

"Yote, dada, tena mara mbili. Uliyaeleza vizuri kuliko sisi wote."

Umeme aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema, na safari hii machozi yalikuwa yake.

Taratibu akarudia amri, na kurasa zikajaa. Mkutubi alizisoma, akatafuta kitabu mwenyewe, akakipata bila kumuuliza mtu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mwalimu alimwambia Umeme. "Wivu umekufanya ufute kazi yako ukidhani unafuta sifa za mwenzako. Sifa zake hazipunguzi zako hata chembe. Na leo, aliyekuwa ameitunza kazi yako kichwani ni huyo huyo uliyemwonea wivu."