Njia Iliyojaa Kokoto

Wakiuru na mumewe Ngatia waliishi karibu na mji wa Naro Moru, chini ya mlima. Majirani waliwaita Mama Watiri na Baba Watiri, kwa jina la mtoto wao. Walikuwa na ng'ombe wawili, shamba la viazi na kibanda cha kuku. Gari hawakuwa nalo. Wakiuru alikwenda sokoni kwa miguu. Walikwenda kanisani kwa miguu. Kila alfajiri Wakiuru alikamua, naye Ngatia akabeba mtungi wa maziwa hadi kando ya barabara kuu, mahali lori la maziwa lilipopita kuyachukua. Hawakuona aibu. Karibu majirani wao wote waliishi hivyo hivyo.

Zamani kando ya lami palikuwa na njia pana ya waendao kwa miguu. Kisha Bwana Kingori akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Akamwaga kokoto juu ya njia. Akamwaga na mchanga. Lori lake nalo likaegeshwa hapo hapo. Watu walinung'unika. Walipofika kwa Kingori walishuka kwenye lami, wakalipita lile rundo, wakarudi kando. Siku zikapita. Watu wakazoea.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ulishuka kutoka mlimani, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Ngatia alivaa jaketi lake jeusi kwa sababu ya baridi. Alipofika kwa Kingori alishuka kwenye lami kama kawaida, upande wa kushoto, magari yakitoka nyuma yake. Pikapu ilimgonga hata kabla hajageuka.

Wakiuru aliitwa, akaja mbio. Alimkuta mumewe amelala chini, maziwa yamemwagika kote. Dereva alikuwa amesimama kando yake.

"Mama, sikumwona," alisema. "Mungu ni shahidi, sikumwona kabisa."

Dereva huyo hakutoroka. Yeye mwenyewe aliwapigia polisi simu. Wakati gari la wagonjwa lilipofika, alisaidia kumwinua Ngatia. Hospitalini Nyeri daktari alisema mfupa wa paja umevunjika. Ngatia angepona, lakini polepole.

Wakiuru aliporudi, hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kingori.

"Bwana Kingori, ondoa hizi kokoto. Bwana yangu amevunjika mguu kwa sababu yako."

Kingori alikuwa anakunywa chai. Hakusimama.

"Pole sana, Mama. Lakini si mimi nilimgonga. Hii ni barabara ya magari. Mtu akiona ni hatari, anunue gari."

"Ati anunue gari?"

"Eeh. Ama abaki nyumbani."

Wakiuru alihisi kichwa kinawaka moto. Koleo moja lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alilichukua, akachota kokoto, akazirusha kuelekea mlango wa duka. Akachota tena. Kokoto zilipiga mabati kwa kishindo. Watu wakakusanyika.

"Nitakuitia polisi!" Kingori alifoka.

"Waite! Wakuje waone mahali watu wanapitia!"

Mkono ulimshika begani. Alikuwa Mwalimu Risper, jirani yake. Risper alikuwa ametoka Siaya miaka mingi iliyopita, akafundisha shule ya msingi ya hapo. Yeye pia alitembea kwenda kazini kila siku.

"Mama Watiri, weka koleo chini."

"Niache, Mwalimu!"

"Leo utaziondoa, kesho atamwaga zingine. Na kesi itakuwa yako, si yake. Twende nyumbani."

Wakiuru alilitupa koleo. Walipofika nyumbani, Risper aliwasha jiko mwenyewe, akapika uji. Wakiuru alikaa, amekunja ngumi.

"Sikiza," Risper alisema. "Ile njia si ya Kingori. Ni ardhi ya barabara, ni mali ya umma. Hakuna mtu ana ruhusa ya kuiziba. Tuko na haki ya kudai ifunguliwe."

"Basi nilikuwa na haki kukasirika."

"Ulikuwa nayo. Lakini kuna jambo lingine. Ngatia alikuwa amevaa jaketi jeusi, kwa ukungu. Na magari yalikuwa yanatoka nyuma yake."

Wakiuru aliruka kama aliyechomwa. "Hata wewe, Mwalimu? Unamlaumu mtu amelala hospitali?"

"Simlaumu. Mwenye kosa ni yule aliyeziba njia. Lakini Mama Watiri, hasira haimuliki ukungu. Mpaka njia ifunguliwe, watoto wetu watapita wapi? Watapita pale pale. Nataka wapite wakiwa hai."

Wakiuru aliketi tena. Risper aliendelea taratibu.

"Hapa Kenya magari hupita kushoto. Kama hakuna njia ya miguu, wewe tembea upande wa kulia, uangaliane na magari yanayokuja. Utayaona, utapata nafasi ya kuruka kando. Msitembee mkiwa mmepangana kama ukuta. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Kwa ukungu ama giza, vaa kitu cheupe, ama kile kizibao cha kung'aa watu wa bodaboda huvaa. Na ukitaka kuvuka, simama, angalia kulia, kushoto, halafu kulia tena. Usivukie kwa kona, wala nyuma ya lori limesimama."

"Mimi nimetembea hii barabara tangu nikiwa msichana," Wakiuru alisema kwa uchungu. "Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo."

"Ndiyo maana nakuambia leo. Na kesho tutaenda kwa chifu. Si wewe pekee yako. Sisi wote."

Chifu aliitisha baraza. Watu walijaa uwanjani. Risper alionyesha picha za njia ile, alizopiga kwa simu yake. Kingori naye alikuja, na suti yake, na wafanyakazi wake nyuma yake.

"Mimi ninaleta maendeleo hapa," Kingori alisema. "Nimeandika vijana kazi. Sasa nisumbuliwe kwa sababu ya watu wawili watatu hawana magari?"

Wakiuru alisimama.

"Chifu, naomba kuuliza swali moja. Wale wamekuja hapa leo kwa miguu, wainue mikono."

Mikono iliinuka. Wazee waliinua. Akina mama wenye watoto mgongoni waliinua. Mchungaji aliinua. Nyuma ya Kingori, wafanyakazi wake walitazamana. Mmoja akainua mkono. Wengine wakamfuata.

"Bwana Kingori," Wakiuru alisema, "geuka uangalie. Hao ndio watu wako wawili watatu. Hata simiti yako inabebwa na watu wanakuja kazini kwa miguu. Mimi sikuombi gari. Sikuombi msaada. Nataka njia yetu!"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Kingori aligeuka. Alitazama mikono ile, kisha akatazama viatu vyake.

Chifu alimwamuru aondoe kokoto, mchanga na lori. Pia aliahidi kuwaita wahandisi wa barabara. Kingori alihamisha vitu vyake nyuma ya duka, kwa kununa. Lakini wahandisi hawakuja upesi. Wakiuru na Risper walirudi kwa chifu. Wakarudi tena. Kila mara walikuja na watu wengi zaidi, na kila mara Wakiuru hakutabasamu. Mwishowe wahandisi wakaja. Njia ikasawazishwa. Matuta ya kupunguza mwendo wa magari yakawekwa barabarani, na kivuko cha mistari myeupe kikachorwa karibu na shule.

Wakati huo huo, Wakiuru alikuwa akifundisha wengine. Alipoona mtu anatembea na magari mgongoni mwake, alimwita kwa sauti kubwa: "Hamia upande ule! Unataka kuvunjika kama bwana yangu?" Wengine walichukia kufokewa, lakini walihama. Asubuhi za ukungu, watoto walipita kwa mstari, wamevaa vizibao vya kung'aa ambavyo wazazi waliwanunulia.

Jumapili moja Ngatia, aliyekuwa amesharudi kutoka hospitali, alisema yuko tayari kwenda kanisani. Aliegemea magongo yake, Wakiuru akiwa kando yake. Walipofika kwenye kivuko walisimama. Waliangalia kulia, kushoto, kisha kulia tena. Gari kubwa lilikuwa linakuja, likapunguza mwendo, likasimama. Wakaanza kuvuka.

Walipofika katikati, dereva alipiga honi.

Ngatia alishtuka, akajaribu kuharakisha. Gongo moja likateleza. Wakiuru alimshika mkono.

"Pole pole, Baba Watiri," alisema. "Hapa ni petu. Atangoja."

Akamtazama dereva usoni, bila kupepesa macho. Dereva akaondoa mkono kwenye honi. Nao wakavuka, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa mguu unaopona.